Watu wa Jindo

Jindoke, wilaya ya Jalandhar
14 Januari 1976

Mdogo wangu Fazlan, binti ya Baba Natthu,

Salaam kutoka kijiji ulichozaliwa. Mimi ni Bachint, mke wa Kehar Singh wa ile nyumba ya kisimani. Labda ulidhani nimeshakufa. Bado nipo, nina hasira tele na meno machache. Anayeniandikia ni mwalimu Ujagar, yule aliyekuwa akiwachapa ninyi watoto wote. Hapa kijijini ni yeye tu aliyebaki anayejua kuandika Kiurdu. Anwani yako nimeipata kwa mama mmoja aliyekwenda kuhiji Nankana, ng'ambo ya mpaka, akakutana huko na watu wa kwetu waliohamia Lyallpur. Aliponiambia binti ya Natthu bado anaimba harusini kama baba yake, nikamwita mwalimu siku ile ile.

Sikiliza nilichokuitia. Mume wangu Kehar alifariki mwaka wa hamsini na tisa, akaniachia binti mmoja na ekari saba. Kabla sijaacha kulia akaja mdogo wake, Ajaib, akataka kunirithi. Nikamwambia, "Shemeji, mimi si nyati wa kuhamishwa zizi." Basi akaja na vijana wenye fimbo, akalima shamba langu huku nimesimama pale pale. Wazee walipomuuliza, akajibu, "Jina la Jindoke halilimi likiwa limevaa ushungi." Wakacheka. Nimeishi kwenye chumba kimoja kwa kushona mablanketi tangu siku hiyo, na binti yangu nimemwoza kwa aibu.

Ajaib alihamia Kanada, akawa na kiwanda cha mbao. Sasa anarudi kujenga lango la saruji kwenye barabara ya kuingilia kijijini. Juu yake ataweka sanamu ya babu yetu Jinda, shujaa aliyempa kila mmoja wetu jina hili la Jindoke. Majivuno yamemjaa mpaka kwenye kilemba.

Lakini mimi namkumbuka baba yako. Siku moja, niko bibi harusi mpya, alikuwa anatusimulia nasaba ya ukoo, akafika kwa Jinda shujaa, akacheka kidogo ndani ya ndevu. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Binti yangu, hiyo ni ya kusimuliwa mlangoni. Ya jikoni ni nyingine." Nataka ile ya jikoni, Fazlan. Kama ina aibu, nataka aibu hiyo imwangukie mbele ya watu wote.

Dada yako,
Bachint Kaur


Lyallpur
20 Februari 1976

Sardarni Bachint Kaur,

Nakuita Sardarni kama baba yangu alivyowaita wake wa wenye mashamba. Udada ulikwisha.

Barua yako imesomwa na binti yangu Shamim mbele ya wakwe zake. Wote walisikia unavyolia juu ya ekari saba. Sasa na wewe sikiliza.

Ulikuwa mwezi wa mvua, mwaka ule walipochora mpaka wa India na Pakistani. Jioni, barabara imejaa watu wenye mikuki wakitusaka sisi Waislamu. Baba, mama na mimi tulikwenda mlango mmoja tu, wa Kehar Singh, kwa sababu baba alikuwa ameimba kuzaliwa kwake na kuoa kwake. Baba akabisha. Akasema, "Sardar, ni mimi Natthu. Tufiche mpaka asubuhi." Tukasikia hatua. Tukasikia mtu anapumua nyuma ya mbao. Kisha komeo likasukumwa, la juu na la chini. Sauti ikasema, "Hapa hakuna mtu."

Hakuna mtu! Na nani aliyesema?

Walitukuta kwenye miwa. Mama na mimi tulitoka upande wa pili. Baba hakutoka.

Sauti niliyoisikia ilikuwa ya mumeo. Basi mwambie aliyefunga mlango atoke kwenye majivu yake akuimbie nasaba. Sisi watu wa kabila la mirasi, waimbaji wa nasaba, tumebeba majina yenu kichwani vizazi na vizazi, na siku tulipotaka mbebe yetu kwa usiku mmoja tu, mlitusukumia komeo. Ya jikoni itakufa na mimi. Nitafurahi ikifa.

Fazlan


Jindoke
11 Machi 1976

Fazlan,

Mwalimu Ujagar aliposoma barua yako alivua miwani akaifuta mara nyingi. Nilimwomba aisome tena. Kisha nikaenda kukaa kwenye kibaraza mpaka chapati zikaungua.

Sikuombi uniamini kwa sababu nalia. Niamini kwa hili. Mwezi ule sikuwa Jindoke. Nilikwenda kwa wazazi wangu kujifungua, kama kila mwanamke wa kwetu anavyofanya kwa uzazi wa kwanza. Kehar alinisindikiza kwa sababu njia zilikuwa mbaya, akakwama huko nami. Muulize mtu yeyote wa kwetu aliye huko. Nyumba ya kisimani alibaki mtu mmoja: Ajaib. Sauti zao zilifanana. Mama mkwe mwenyewe alikuwa akiwachanganya.

Tuliporudi, neno la kwanza la Kehar lilikuwa, "Natthu yuko wapi?" Ajaib akajibu, na mwalimu Ujagar alikuwepo, anatingisha kichwa hapa ninavyosema, "Wamekwenda na msafara, kaka. Nimewasindikiza mwenyewe mpaka barabara kuu, na mkate nimewafungia." Mume wangu akambusu kwenye paji la uso. Akasema, "Leo umekuwa mwanamume." Miaka yote mpaka anakufa alikuwa akimsifu mdogo wake kwa hilo. Nami nikamsifu. Nimekula sifa hiyo kama sukari guru, kumbe ilikuwa nyama ya baba yako.

Nilikuandikia kwa ajili ya shamba. Lifute hilo. Shamba na likae. Sasa niambie unataka Ajaib afanywe nini.

(Mwalimu anasema neno nililolisema baada ya hapo haliandikiki. Nimemwambia aliandike, amekataa, mzee mwoga huyu.)

Bachint


Lyallpur
9 Aprili 1976

Dada Bachint,

Nimemuuliza mzee Rulia mfinyanzi, wa kwetu, anayeishi mtaa wa tatu kutoka hapa. Anakumbuka mlivyoondoka na mkokoteni, tumbo lako limekutangulia. Basi miaka yote hii nimekuwa nikimlaani marehemu asiye na hatia. Mwombee anisamehe. Laana zenyewe hazijapotea, nimezigeuza tu uso.

Hii hapa ya jikoni.

Hapakuwa na Jinda. Kulikuwa na Jindo, mwanamke, mke wa Mehar mchimba visima. Mehar alikufa na kuwaachia watoto wawili, kisima kipya na shamba lisilo na mpaka. Hata moto wa kumchomea haujazimika, wakaja mashemeji zake wanne, mchana kweupe, na jembe la maksai. Mkubwa wao akamwambia, "Shika watoto uende kwenu." Jindo alikuwa anakata majani ya ng'ombe kwa lile shoka la mpini mrefu. Hakuliweka chini. Akasimama ukingoni mwa kisima, akasema, "Maji haya mume wangu aliyafuata chini kwa kucha zake. Anayeyataka na ayafuate vivyo hivyo." Mkubwa akacheka, akasogea. Jindo alimkata sikio. Wa pili akamkata mkono ulioshika jembe. Wawili waliobaki walikimbia mpaka wakaanguka kwenye haradali, na maksai wao Jindo akabaki nao.

Tangu hapo wapita njia walipowauliza watoto wale, "Ninyi wa nani?" walijibu, "Jindo-ke." Watu wa Jindo. Ndilo jina lenu, na ndilo la kijiji. Lisikilize tu! Angekuwa mwanamume, Jinda, mwisho wa jina ungegeuka kama yageukavyo majina ya kiume kwetu, mngeitwa Jindeke. Lakini wajukuu walipopata vilemba vikubwa waliona haya kuitwa kwa jina la mjane, wakampa babu wa babu yangu nyati wa maziwa ili aimbe shujaa mwenye farasi. Alimchukua nyati. Tulikuwa na njaa. Ila ndani ya nyumba tuliendelea kufundishana hii.

Unaona sasa? Huyo mwizi wa shamba la mjane anajivunia jina la mjane aliyewakata mashemeji wezi.

Na beti zenyewe ndizo hizi:

*Mume kafa juzi juzi, moto haujapungua,*
*Mashemeji wamekuja, shamba wanalichukua,*
*Jindo yuko kisimani, shoka amelinyanyua:*
*Ajaye mbele na aje, leo tutajitambua.*

*Wakaulizwa watoto, ninyi wa nani jamani?*
*Sisi ni watu wa Jindo, mwanamke kisimani.*

Ubeti wa mwisho nimeutunga mimi wiki hii, nikikanda unga:

*Natthu alibisha hodi, na vita viko njiani,*
*Ajaibu kamkana, kakaza komeo ndani.*
*Huu wimbo ni wa Natthu, imbeni hadi mwishoni.*

Umeuliza nataka afanywe nini. Sitaki apigwe. Kipigo hupona. Sitaki unong'one kisimani na wanawake wenzako. Nataka uimbe kwa kinywa chako, hadharani, yeye akiwa amekaa mbele kwenye kiti kizuri. Nataka ashindwe kunywa maji mbele ya watu.

Fazlan


Jindoke
2 Mei 1976

Kwa shemeji mheshimiwa Sardar Ajaib Singh Jindoke, British Columbia,

Sat Sri Akal. Sisi hatujambo kwa baraka za Mungu na zako. Nimesikia habari ya lango, nikafurahi mno. Shemeji, yaliyopita yamepita. Mimi ni mzee sasa.

Nimesikia unatafuta mtu wa kusimulia nasaba siku ya ufunguzi. Wale mirasi wetu walikwenda zao, na hawa vijana wa mjini wanaimba nyimbo za sinema. Bahati nzuri nimepata nasaba kamili ya ukoo kutoka kwa watu wa Baba Natthu. Nimeihifadhi kichwani. Ukipenda, mimi kikongwe nitaiimba mbele ya wageni. Ukiona haifai mwanamke aimbe, nitakaa kimya kama siku zote.

Mnyenyekevu wako,
Bachint


Mission, British Columbia
30 Mei 1976

Shemeji Bachint,

Barua yako imenifurahisha. Nilimwambia mke wangu, "Unaona? Ukimwacha mwanamke na ukaidi wake, siku moja hurudi mwenyewe kama ng'ombe jioni."

Wazo lako ni zuri. Kijana wangu Gurtej naye anapenda mambo ya asili, kila siku, "Baba, jina letu lilitoka wapi?" Namwambia subiri, utasikia mbele ya sanamu. Tunakuja naye Novemba. Kuna watu wakubwa wa Phagwara wanataka kumwozesha binti yao kwetu, watakuwepo, na afisa mmoja wa serikali, kwa hiyo usinitie aibu. Vaa nguo nyeupe safi. Usiimbe kama unalia. Taja farasi, taja upanga, na taja masharubu. Fundi ameyatengeneza kama pembe za fahali, nimeona picha yake. Jina langu litaje mwishoni, kwa sauti, kwamba ni mimi niliyeliinua jina la Jindoke.

Na hao mirasi, watu wazuri wale. Niliwasindikiza mwenyewe wakati wa vurugu. Lisemeni hilo pia mkiweza.

Nitakuletea shali.

Ajaib Singh Jindoke


Jindoke
28 Novemba 1976

Fazlan, mdogo wangu,

Imefanyika. Nakusimulia polepole ili nisiruke kitu.

Watu walijaa kama soko. Turubai la rangi, viti mbele, wanawake chini upande wa kushoto, sufuria za dengu zinatokota. Lango limesimama, sanamu imefunikwa shuka jekundu. Ajaib alikuwa katikati, suti ya Kanada, upande wake mmoja afisa, upande wa pili wale wakwe watarajiwa wa Phagwara. Gurtej alikaa nyuma yake. Kijana mpole, mrefu, Kipunjabi chake kina makosa ya kuchekesha.

Ajaib mwenyewe akachukua kipaza sauti. "Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, ambaye nimemtunza miaka yote," akasema, "atatuimbia asili ya jina letu." Nimemtunza! Wanawake wakanitazama. Nilikuwa nimevaa shali yake.

Nilianza. Kipaza sauti cha pili kilikuwa kimesimikwa mbele yangu. Niliposema "Mashemeji wamekuja, shamba wanalichukua," nilimwona akitabasamu na kutikisa kichwa kwa mapigo, hajasikia bado. Bishni, mke wa mhunzi, ndiye aliyesikia kwanza. Akajipiga kofi la paja, "Eee! Aimbe huyo!" Nikafika kwa Jindo na shoka lake, wanawake wakaanza kuitikia. Nikawaeleza: si Jinda, ni Jindo, lisikilizeni kwa masikio yenu. Mzee mmoja wa baraza akasema kwa nguvu, "Kweli jamani, si Jindeke. Mbona hatukuwaza?" Kicheko kikapita mbele mpaka nyuma kama upepo kwenye ngano.

Ajaib akasimama. "Kikongwe huyu amechanganyikiwa! Zima mashine hiyo!"

Kijana wa spika akamjibu, "Sardar, si umeniambia nisizime mpaka jioni?"

Hapo nikauimba wa kwako. Natthu alibisha hodi. Niliuimba mara mbili, tena nikimtazama usoni. Mtoto alilia akatiwa ziwa. Gurtej akainuka, akamshika baba yake mkono, akasema kwa Kipunjabi chake kile kibovu, "Baba, ni kweli? Mlango wewe ulifunga?"

Sasa kumbuka, Ajaib alikuwa bado ameshika kipaza sauti chake. Amesahau kabisa. Akamgeukia mwanawe, akapiga kelele, "Walikuwa mirasi tu! Wapiga ngoma! Ulitaka niichomeshe nyumba yetu kwa ajili ya wapiga ngoma?"

Spika zikalirusha mpaka mashambani. *Wapiga ngoma.* Tukalisikia likirudi kutoka ukutani mwa hekalu la gurudwara.

Kisha Bishni akaimwaga chini chai ya Ajaib aliyopewa. Hivyo tu, akageuza kikombe. Jirani yake naye akamwaga. Afisa akakumbuka ana mkutano. Watu wa Phagwara waliondoka bila kuaga, na yule mama mkubwa wao alipita karibu nami akisema, "Hatupeleki binti yetu kwa watu wa komeo." Ndipo jina lilipozaliwa, Fazlan, nimelisikia likizaliwa kwa masikio yangu. Kesho yake tarishi alipoleta barua, akauliza, "Ya Ajaib yupi hii?" Wakamjibu, "Ajaib wa Komeo." Sasa hata dukani hakuna anayesema jingine. Mke wake ameitwa mama Komeo. Ajaib alikaa wiki moja, maji ya kuoga akichota mwenyewe, kisha akarudi Kanada. Na huko kwenye viwanda vya mbao wamejaa watu wa wilaya yetu. Limemtangulia.

Sanamu bado imevaa shuka lake jekundu. Hakuna aliyelifunua.

Kabla hawajaondoka, Gurtej alimlazimisha baba yake mbele ya baraza, shamba langu limerudi. Binti yangu amekuja kulilima. Nilicheka sana siku hizo, mpaka mbavu zikauma.

Lakini kuna moja linalonichoma. Gurtej alikuja kuniaga. Akaniinamia miguuni, akasema, "Shangazi, na mimi nitaitwa hivyo? Na watoto wangu?" Ni yeye aliyeuliza swali lile mbele ya watu. Angenyamaza, baba yake angekwepa. Nimempa anwani yako, unisamehe. Nadhani atakuandikia.

(Mimi Ujagar naongeza: nilikuwepo, nimezeeka, sijawahi kumwona mtu akikatwa namna ile bila damu. Na waliowachapa wanafunzi waombewe msamaha.)

Bachint


Lyallpur
6 Machi 1977

Dada yangu Bachint,

Barua yako Shamim ameisoma mpaka karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Pale pa kipaza sauti namlazimisha arudie. Mama yangu angekuwa hai ningemsimulia. Nilikwenda kaburini kwake hata hivyo, nikamsimulia.

Usiniulize kama moyo umepoa. Haukupoa. Nilidhani utapoa, nikakaa kungoja, nikaona nina njaa tu, nikapika.

Wiki iliyopita nimeimba kwenye harusi ya mjukuu wa Rulia mfinyanzi. Walijaa watu wa Jindoke, wale waliovuka. Niliimba wimbo wetu wote, na mwisho nikalitaja jina la baba, kama mirasi anavyopaswa kulitaja la aliyemfundisha. Tangu tuvuke sikuwahi kulitaja. Wazee wakasimama. Rulia alilia mpaka kilemba kikalegea.

Gurtej ameandika. Barua fupi, amemwajiri mtu amwandikie Kiurdu, kimejaa adabu. Anasema uchumba umevunjika, na huko hata watoto wa shule wa Kipunjabi wanalijua jina hilo. Hajitetei. Anauliza tu kama wimbo unaweza kumwacha baba yake afe kwanza.

Wewe umemwonea huruma, najua, ndiyo maana ulimpa anwani. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini kwenye miwa, nami sikuwa na kosa. Hayo nilimwandikia kwanza. Kisha nikachana, nikaandika tena.

Nilimwambia hivi: "Mwanangu, mimi siuzi majina wala siyafuti. Babu wa babu yangu aliuza moja, na ninyi mkaishi na uongo miaka mia mbili. Lililotokea litaimbwa. Baba yako alifunga mlango, litaimbwa. Na wewe ulisimama mbele ya watu ukamuuliza, hilo nalo limetokea, kwa hiyo litaimbwa. Nimeshakutungia ubeti wako na wajukuu zangu wameshaushika. Watu watakusifu, Gurtej. Binti wa watu atakayekupenda kwa ajili ya ubeti huo, huyo muoe. Nenda ukaishi vizuri."

Ndiyo zawadi yangu kwake, Dada, na ni ya kweli, nimemtungia vizuri kuliko nilivyomtungia mtu yeyote. Lakini huwezi kuimba swali la mwana bila kuimba alichoulizwa baba. Kila watakapomsifu kijana, kwenye kila harusi, hapa na huko na Kanada, watamtaja mzee. Na mzee atakuwa amekaa pale pale mbele, kwenye kiti kizuri, akiwapigia makofi wanaomsifu mwanawe.

Fazlan, binti ya Natthu